Baba Anacleto, Mlinzi wa Kima Aliyekufa

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ututoke. Wengine wanaandika "ulipotuacha," lakini mimi sitaandika hivyo, maana wewe hukutaka kwenda. Ulikuwa na mahindi shambani yanayongoja kuvunjwa, nguruwe alikuwa hajanenepa, na mjukuu wako ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukuchekea.

Genilson mume wangu aliniambia niandike mistari minne tu, kama wengine wanavyofanya kwenye jarida la parokia: jina, picha, tarehe, sala. Nimejaribu. Hukuenea. Padri amesema tuchukue ukurasa mzima, maana mwezi huu hakuna harusi. Kwa hiyo kaa, Baba, nikusimulie mambo yako mwenyewe, na majirani wasikie.

Tunakumbuka kofia yako ya ukili iliyokatika ukingo, ambayo Mama aliificha mara ngapi sijui, na kila mara ukaipata. Tunakumbuka ulivyokuwa ukiacha mafungu ya sukuma kwenye malango ya watu bila kubisha hodi. Mtu akija kushukuru unamwambia, "Aa, nilitaka kuwapa sungura, wamevimbiwa."

Kila asubuhi ulisimama mlango wa jikoni na kikombe chako cha bati, ukingoja mabarbado waanze. Kima wetu wale wenye ndevu nyekundu walikuwa wananguruma msituni juu ya mibuni, utadhani madume ya ng'ombe yamefungiwa ndani ya pipa. Wakizidisha unasema mvua inakuja, unawahi kuanua. Mama alikuwa akinung'unika.

"Mimi nakuita hapa hapa husikii. Hao wako huko mlimani, unawasikia."

"Hao hawajawahi kunituma kuni, Zulmira."

Mimi niliacha shule mdogo, unajua, miaka ile mibuni ilipougua. Masomo ya jioni ya watu wazima yalipofunguliwa hapa Grota, ulituandikisha sote wawili. Wewe wiki ya kwanza tu ukaacha, ukasema viti ni vya watoto, magoti yanagonga kidevu. Lakini mimi hukuniruhusu niache, hata nilipokuwa mjamzito na tumbo haliingii kwenye dawati. Nikirudi unauliza, "Haya, leo mmejifunza nini?" Nakueleza. Kesho yake nakusikia zizini unamfundisha ng'ombe.

"Moyo wako una vyumba vinne, Mimosa. Vyumba vinne! Na hata kimoja hakina nafasi ya kunionea huruma?"

Alikuwa amekupiga teke.

Haya ninayoyaandika leo ni mavuno yako, Baba. Nimemaliza darasa. Cheti Mama amekitundika jikoni, kimeshapata moshi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kabla ya Krismasi ya mwaka juzi ulimkuta barbado amekufa katikati ya mibuni, mstari wa juu kabisa unaopakana na msitu. Siku zile redio ilikuwa imeanza kuitaja homa ya manjano katika mabonde ya mbali, na wanaume walikuwa wanasema kima ndio wanaoileta. Kuna waliowapiga mawe, na wengine waliowatilia sumu kwenye ndizi. Kompadre wako Gervásio, aliyenisimamia mimi ubatizo, mliyeoga naye mtoni mkiwa watoto, alikuwa ametamba mbele ya watu mlangoni pa kanisa kwamba gobore lake halikutundikwa ukutani kuwa pambo.

Basi ulipomwona yule kima ukajua ni kazi yake. Kuua barbado ni kosa la kufikishwa polisi. Na kompadre hashtakiwi, hilo nani hajui hapa kwetu? Ukachukua jembe, ukamzika, ukasawazisha udongo, ukaja kula chakula cha mchana kama kawaida. Hata Mama hukumwambia.

Wiki zikapita. Jumapili moja Marinês, bibi afya wetu, akaomba asimame baada ya misa.

"Kima hawatuletei homa," alisema. "Wanaambukizwa na mbu, kama sisi. Tofauti ni kwamba wao hawaihimili, wanatangulia kufa. Barbado akifa msituni, ni kengele inatulilia. Mkimuua au mkimficha, mmekata kamba ya kengele. Kuna mtu amemwona amekufa huku Grota?"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma namnyonyesha Maitê. Nikakuona unaangalia kofia yako mapajani. Gervásio, benchi la pili, naye anaangalia ya kwake.

Nje mkasimama kando ya ukuta. Sikukusudia kusikiliza, lakini nyinyi wawili hamkujaliwa kunong'ona.

"Kompadre," ulisema, "yule wa mstari wa juu, kabla ya Krismasi. Ulimpiga wewe?"

"Nani, mimi?"

"Usiogope. Nilimzika. Sijasema kwa mtu."

"Anacleto, lile gobore halijalia tangu harusi ya binti yako. Mimi ni mdomo tu, hunijui?"

Ukageuka ukaangalia juu, kwenye mibuni.

"Na mimi nilimkuta mwingine kijitoni," Gervásio akasema polepole. "Nikamtupa korongoni. Nikajiambia, Anacleto akimwona huyu atasema ni mimi, na undugu wetu wote utakwisha kwa sababu ya kima."

Hakuna aliyecheka. Wewe ulikuwa umemsitiri yeye, naye alikuwa amejisitiri kwako, kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya.

Mlirudi ndani pamoja mkamwambia Marinês. Hakuwagombeza. Alivaa mabuti, akapanda nanyi mpaka mstari wa juu, mkafukua. Ilikuwa mifupa na manyoya.

"Hii hainisaidii," alisema. "Maabara wanataka ini, na wanalitaka kabla halijaharibika. Chanjo ni chache, wanazipeleka kwanza mahali homa ilipoonekana. Mimi nikisema Grota kuna kima wamekufa, wataniuliza, wako wapi? Akipatikana mwingine msimguse wala msimzike. Nipigieni simu saa hiyo hiyo."

Halafu akamwangalia Maitê mgongoni kwangu. Alikuwa na miezi mitatu. Mtoto wa umri ule hachanjwi, na mama anayemnyonyesha naye anaambiwa asubiri. Marinês akasema homa ikithibitika hapa, sisi wawili dawa yetu ni kuondoka. Tangu siku ile, Baba, ukawa unazunguka ukingo wa msitu kila siku kabla ya kushika jembe.

Na mabarbado wakanyamaza. Unasimama mlangoni, kahawa inapoa mkononi, hakuna mngurumo. Mama akasema labda wamehama. Wewe ukasema, "Hapa ndipo kwao. Wahamie wapi?"

Asubuhi ile ya Februari ulimkuta wa tatu, kando ya kijito, inzi bado hawajamjua. Ukampigia Marinês. Alikuwa bonde la mbali na barabara imekuwa tope tupu.

"Nakuja, mzee, lakini mpaka mchana. Jua lisimpate. Mbwa wasimpate. Na wewe ukae mbali naye, mbu wa hapo sio wa kuchezea."

Ukamfunika kwa majani ya migomba, ukageuza debe, ukakaa. Ungekaa mbali, tumbusi wangeshuka. Walikuwa wameshaanza kuzunguka juu, na wewe unawarushia madongoa. Nikakuletea angu, ule ugali wetu laini, na sukuma.

"Ishia hapo hapo!" ulinipigia kelele. "Weka juu ya jiwe, urudi. Na mtoto usimlete huku hata kidogo."

"Baba, mbu wanakumaliza."

"Hao tunajuana. Nenda, mwanangu. Nenda."

Ulikuwa umemsikia Marinês kanisani kama sisi sote. Ulijua mbu wa kijito kile wametoka kumuuma nani. Hilo nataka majirani walijue, maana wapo wanaosema mzee wa watu hakuelewa. Alielewa.

Gervásio akapita njia ya juu na ndoo yake.

"We Anacleto! Siku hizi unachunga maiti?"

"Pita mbali, kompadre. Ndevu zako na zake ni moja, Marinês akija atakosea wa kumpasua."

"Achukue tu ini langu. Limekaa kwenye pombe ya miwa miaka yote, haliozi hilo."

Nilikusikia ukicheka kutoka kule chini. Kisha Gervásio akaiacha ndoo, akateremka mpaka kwenye daraja lililovunjika ubao, akamngoja Marinês ili amwonyeshe pa kupita.

Jua lilikuwa limeshapinduka ndipo alipofika, na glovu zake na kisanduku cha barafu. Alifanya kazi yake upesi, akafunga kisanduku, ndipo akakutazama. Shingo na mikono yako ilikuwa imevimba kwa kuumwa.

"Mzee, ungevaa hata shati la mikono mirefu!"

"Nilikuwa nalo. Nimemfunika yeye, majani yalikuwa yanapeperushwa na upepo."

Marinês aliinamisha kichwa. Kisha akaja mpaka nyumbani akaniambia, "Rosiane, wewe na mtoto mnaondoka leo. Tusingoje maabara." Ulinibebea vitu vyangu mpaka kwenye lori la maziwa. Ulimpa Maitê kidole, akakishika, akakatalia, mpaka dereva akapiga honi. Nilikwenda kwa shangazi Odete mjini nikijua nitarudi baada ya muda kidogo, nikukute unamgombeza Mimosa.

Safari hii maabara walikuwa na ini, na wakubwa wa Marinês hawakungoja majibu. Haukupita muda, chanjo zikaja, meza ikawekwa shuleni. Ulikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Mama anasema ulirudi na pamba mkononi kama askari aliyepewa nishani. Lakini chanjo inahitaji siku kumi mwilini kabla haijamlinda mtu, na wewe homa ilikuwa imekutangulia pale kwenye debe.

Mama alinipigia akasema una mafua. Kisha akasema ni mgongo. Kisha siku moja ukawa mzima kabisa, ukala angu sahani mbili, ukaomba jibini, nikalia kwa furaha jikoni kwa shangazi. Kesho yake macho yako yakawa manjano.

Nilimwachia shangazi mtoto, nikaja hospitali. Ulikuwa umelala chini ya chandarua, mdogo, sikujua kwamba wewe ni mdogo vile. Kitu cha kwanza uliniuliza, "Hajapata joto?" Nikakuambia hajapata, ananyonya vizuri. Ukafumba macho, ukasema, "Basi."

Gervásio alikuja siku ile ile, ameshika kofia mbele yake kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Kompadre," ulimwambia, "umechanjwa?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Watu wanasema, unajua watu. Wanasema Anacleto alikuwa mzima kama mwamba, kachomwa sindano, kaanguka. Marinês anabisha malango, hawamfungulii."

Nilikuona ukijaribu kukaa. Nikakuzuia, ukanisukuma.

"Mimi ndiye ninayeumwa, halafu wanaojua ni wao? Ilinipata kijitoni. Kabla ya sindano. Ungekuja kukaa na mimi ungekuwa kitanda cha pili hapo. Nenda kachanjwe."

"Nitakwenda ukipona, twende wote tukacheke."

"Gervásio. Tulishafichana mara moja."

Alivaa kofia, akatoka, na Marinês anasema alifika shuleni wakiwa wanakunja meza.

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia vizuri. Baada ya hapo ulikuwa unaongea na ng'ombe.

Ulipoletwa nyumbani, Grota nzima ilikuja kukulilia, hata wale waliofunga malango. Mama alitoka barazani, akaweka meza mwenyewe kwenye ngazi, akamkalisha Marinês hapo na kisanduku chake.

"Anayetaka kumwona Anacleto apite hapa kwanza," alisema. "Anayetaka kahawa, vivyo hivyo."

"Dona Zulmira," mmoja akasema, "leo ni siku ya msiba."

"Ndiyo. Na sitaki mwingine."

Watu wakatazamana. Gervásio akapita mbele, akakunja mkono wa shati kuonyesha alipochomwa. "Mimi huyu nimeshachomwa na nimesimama. Pambo la ukutani ni nyinyi." Kisha mkewe akatoa mkono. Kisha wale wa kiwanda cha unga wa mahindi, ukoo mzima. Mstari ukafika mpaka kwenye zizi. Watu waliingia kukuona, Baba, mmoja mmoja, machozi usoni na pamba mkononi.

Majibu yalikuja ukiwa umeshazikwa. Yule kima alikuwa na homa ya manjano. Na damu yako ilionyesha ni homa ile ile ya msituni, siyo chanjo. Marinês alikuja kutusomea, akarudia mara mbili kwa sababu Mama aliomba. Hapa Grota hakufa mtu mwingine. Bonde la jirani, ambako hakuna aliyepiga simu, walianza kujua kwa kuzika watu.

Wananiambia nijivunie. Najivunia, lakini sikufichi, Baba, kuna asubuhi nasimama mstari wa juu nalia kwa hasira. Kama yule wa kwanza ungemwita Marinês badala ya kuchukua jembe, sindano yako ungeipata mapema, na leo ungekuwa hapa unaniuliza nimejifunza nini. Gervásio naye anasema hivyo hivyo juu ya yule wa korongoni. Anakuja kukaa na Mama Jumapili, hawaongei sana. Hakuna anayekulaumu. Ulimpenda rafiki yako, ukakosea kwa kumpenda. Ila hasira haijui kutofautisha.

Kwa hiyo majirani mnaosoma hapa, msituletee maua. Mkimkuta barbado amekufa, hata kama mnadhani mnajua nani amemuua, na hata kama ni ndugu yenu, msimzike. Kaeni mbali naye, mpigieni Marinês au nipigieni mimi. Marinês ameniomba niwe mtu wa kupokea simu za bonde hili, na nimekubali. Mwaka huu ukiisha nataka kusomea kazi yake. Nilimwambia Mama naogopa hesabu. Akasema, "Baba yako angeshakuandikisha."

Misa ya mwaka itasomwa Jumapili hii hapa Grota. Baada ya misa karibuni nyumbani, kutakuwa na kahawa na mkate wa mahindi wa Mama. Safari hii kahawa haina masharti.

Wanaokukumbuka ni mke wako Zulmira, ambaye bado analala upande wake wa kitanda tu; mimi binti yako Rosiane; mkweo Genilson, anayemkamua Mimosa vibaya; dada yako Odete; na kompadre wako Gervásio, aliyesema nisipoliweka jina lake hatanisamehe.

Na Maitê naye yupo. Huyo hakukumbuki, Baba. Hajui sura yako mpaka tumwonyeshe picha, na hata hapo anaonyesha kofia tu. Alichanjwa alipofikisha miezi tisa, akalia, akanyamaza. Sasa anatembea. Naandika haya yeye yuko chini ya meza, anavuta sketi yangu nimalize.

Hatutaacha kukukumbuka, Baba, na yeye tutamfundisha.